Filamu za Huzuni za Habbo Poppinga

Kaka yangu Habbo hapendi kuchekwa. Nalisema hili mapema, kwa sababu ukienda popote Ujerumani ukalitaja jina la Habbo Poppinga, watu wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Mmoja wao ataanza kukusimulia kipande cha filamu anachokipenda, na hatafika mwisho kwa kicheko. Kaka yangu akiyasikia hayo hufunga vifungo vya koti mpaka shingoni na kutoka nje. Maisha yake yote hajaandika hata sentensi moja ya kuchekesha. Yeye anaandika misiba.

Tulizaliwa Lüttfehn, kijiji kirefu chenye mfereji katikati na nyumba kila upande, huku Frisia ya Mashariki, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, ambako nchi ni tambarare kiasi kwamba mgeni akija unapata muda wa kumwona kwa mbali, kuchemsha maji na kubadilisha soksi kabla hajabisha hodi. Baba yetu, Jelto, aliendesha gari la kukusanya maziwa. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha kwetu, ambako salamu ya "Moin" inatosha asubuhi, mchana na jioni, na anayesema "Moin, Moin" anahesabiwa mropokaji. Mama, Foelke, aliongea zaidi kidogo, lakini kila kitu alikisema mara moja tu. Usiposikia, shauri yako.

Habbo alikuwa mtoto mwenye uso wa hakimu. Wenzake walipokuwa wakiteleza kwenye barafu ya mfereji, yeye alikuwa ghalani akitunga michezo ya kuigiza, na katika kila mchezo watu wote walikufa. Mimi, mdogo wake, nilikufa kwa homa, kwa njaa, kwa kuzama, na mara moja kwa upweke, ambao mpaka leo sijui unauaje.

"Kufa polepole, Geeske," alikuwa ananiambia. "Unakimbilia wapi?"

Ng'ombe wetu naye alipewa nafasi ya mama anayekata roho. Akakataa kulala chini. Aliendelea kutafuna majani huku mimi nikimlilia miguuni, na watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia wakacheka hadi wakaanguka. Habbo akawafungia mlango wa ghala, akaja kuniambia kwamba watu wa Lüttfehn hawana moyo.

Alipomaliza shule akaenda Munich kusomea filamu. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, na nchi nzima ilikuwa imeingiwa na wazimu wa vichekesho kuhusu sisi Wafrisia. Redioni, magazetini, vilabuni, kila mtu alikuwa na kichekesho chake cha jinsi Wafrisia walivyo wajinga. Mama mwenye nyumba alikopanga Habbo alianza naye mlangoni, hata sanduku hajaliweka chini.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Frisia ya Mashariki."

"Wee! Ni kweli kwenu watu wakisikia bei zimepanda wanakwenda dukani na ngazi?"

Habbo akafikiri. "Hapana," akasema. "Duka letu liko chini."

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Habbo alinihadithia hayo kwa simu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Alikuwa amejibu swali kwa adabu, kachekwa. Akaniapia kwamba atatengeneza filamu moja yenye huzuni nzito, filamu ambayo Mjerumani yeyote akishaitazama hatathubutu tena kumcheka Mfrisia.

"Sawa, kaka," nikamwambia. "Lakini umekula?"

Alikuwa karibu kumaliza masomo Baba alipofariki. Moyo ulisimama akiwa kwenye usukani, lakini alikuwa ameshaegesha gari pembeni na kuvuta breki ya mkono. Ndivyo alivyokuwa.

Maziko yenyewe nitayasimulia kama yalivyokwenda, maana ndiyo yaliyomfanya kaka yangu awe alivyo. Kwanza, jeneza halikupita. Baba alikuwa mrefu na korido yetu ina kona. Wabebaji wakalilaza ubavu, wakalisimamisha, wakalirudisha jikoni, wakaanza tena. Mwishowe baba mdogo Onno, mdogo wake Baba na mtu anayefanana naye kama kikombe na kikombe, akaenda sebuleni akafungua dirisha.

"Alikuwa anapitia hapa ujanani akichelewa kurudi," akasema. "Njia anaijua."

Basi Baba akatokea dirishani. Kanisani, mchungaji, ambaye alikuwa mgeni na ana vijiji vingi vya kuhudumia, alimsifu marehemu kwamba alikuwa na sauti tamu ya kuimba na mapenzi ya maua ya waridi. Mama akanigeukia na kuninong'oneza, kwa mnong'ono uliofika mpaka kwenye kinanda:

"Huyu anamzika nani?"

Halafu tukaelekea makaburini, gari la maiti mbele na sisi nyuma kwa miguu. Na siku hiyohiyo, barabara hiyohiyo, timu yetu ya tufe ilikuwa inacheza na kijiji cha jirani, Barkfehn. Kwetu mchezo wa tufe unachezwa barabarani, unarusha tufe liviringike kwenye lami, na anayefika mbali ndiye mwanamume. Mechi ile ilikuwa imeahirishwa mara kwa mara kwa ajili ya theluji, na tarehe alikuwa ameipanga Baba mwenyewe, aliyekuwa nahodha wetu. Hakuna aliyeona ni heshima kumbadilishia tarehe marehemu. Walitarajia kumaliza kabla yetu, lakini tufe moja lilikuwa limeingia mtaroni na kuwapotezea muda.

Walipotuona wakasimama kando, wakavua kofia. Ila kuna tufe moja la kwetu lilikuwa limesharushwa. Likaja likiviringika katikati ya barabara, zuri kweli, likapita kati ya magurudumu ya mbele ya gari la maiti, likagota gurudumu la nyuma na kusimama.

Dereva akasimamisha gari. Wanaume wakasogea, kofia mikononi.

"Limesimama hapo, linahesabiwa hapo," alinong'ona nahodha wa Barkfehn, mzee mwenye masharubu ya manjano.

"Limezuiwa na gari," wetu wakanong'ona.

"Gari ni sehemu ya barabara."

"Gari la maiti si sehemu ya barabara!"

Dereva akataka kulisogeza gari nyuma kidogo. "Usiguse!" wakamnong'oneza wote kwa pamoja, Lüttfehn na Barkfehn.

Mchungaji akaja mbio, joho linapepea. "Ndugu zangu! Humu ndani mna marehemu!"

"Tunajua, mchungaji," akasema mzee wa masharubu. "Ndiyo maana tunanong'ona."

Minong'ono ikazidi kukua hadi ikawa kelele. Hapo Mama akatoka mstarini, akakunja sketi yake nyeusi, akainama akalitazama tufe kwa makini. Akanyanyuka.

"Jelto angesema lirushwe upya."

Mzee wa Barkfehn akaikunjakunja kofia yake mikononi. "Angesema hivyo kweli, mama?"

"Angesema."

"Basi lirushwe," akasema. "Mimi kubishana na Jelto siwezi. Hata akiwa hai nilikuwa nashindwa."

Tukasubiri. Tufe likarushwa upya, likaenda mbali kuliko mwanzo, na sisi tukaendelea na safari yetu. Habbo alitembea nyuma ya jeneza machozi yanamtoka, ngumi zimekazwa. Alikuwa na uchungu wa kufiwa na aibu juu yake. Tulipofika nyumbani hakugusa keki ya siagi waliyokatiwa waombolezaji. Akasema kitu kimoja tu: "Nitaiandika. Yote. Kama ilivyokuwa."

Akaiandika. Walimu wake Munich waliusoma muswada wakamsifu kwa uzito wake, kituo kimoja cha televisheni kikampa mikanda ya filamu na kamera, na majira ya kuchipua yaliyofuata akarudi nyumbani na wenzake wachache ndani ya gari bovu. Miongoni mwao alikuwemo Roswitha, binti wa Munich mwenye nywele fupi, ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi sauti na baadaye kuikata na kuiunga filamu yenyewe.

Walikuja pia waigizaji wawili wa kulipwa, mume na mke, wawe Baba na Mama. Yule mwanamume aliambiwa akae mezani anywe chai, asiseme kitu. Akakaa. Akanywa. Akaguna, akatazama dirishani kwa majonzi, akashusha pumzi ndefu, akachukua kijiko akakoroga.

"Anakoroga!" Mama akapaza sauti toka mlangoni.

Kwetu sukari ya mawe inalala chini ya kikombe na krimu inaelea juu, na mtu mzima hakorogi. Habbo akamweleza. Yule bwana akasema mikono yake inahitaji kazi, mwigizaji hawezi kukaa tu kama gogo. "Lakini ndivyo Baba alivyokuwa anakaa!" Habbo akasema. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kufika saa ya treni ya alasiri waigizaji wote wawili walikuwa stesheni na masanduku yao.

Ndipo Habbo akamwangalia baba mdogo Onno, aliyekuwa amekuja kutazama tu, amekaa kwenye kiti cha Baba kama gogo.

"Baba mdogo, unaweza kufa?"

"Nikipewa muda," akasema Onno.

Hivyo Onno akawa Baba, Mama akawa Mama, na kijiji kizima kikawa kijiji. Mimi nilicheza binti, na nilikuwa na uzoefu wa kulia. Tabu ilikuwa kwa Mama. Alisema maneno yake vizuri kabisa mara ya kwanza, halafu akavua aproni.

"Mama, turudie," Habbo akasema.

"Nimekosea?"

"Hapana, Mama, umefanya vizuri sana."

"Sasa?"

"Kwenye filamu tunarudia. Kwa usalama."

"Usalama wa nini? Nimeshasema. Kama hukusikia muulize huyo binti mwenye vipokea sauti, yeye kasikia."

Roswitha akaitikia kwa kichwa kwamba kasikia. Alikuwa ameiuma skafu yake kwa meno. Nilidhani anaumwa jino. Siku zile zote alikuwa anaiuma, na mara nyingine baada ya Habbo kusema "kata" alikuwa anavua vyombo vyake na kutembea haraka kwenda nyuma ya banda la kuku. Habbo alimhurumia. "Anaguswa sana na msiba," akaniambia. "Ni mtu mwenye hisia."

Siku ya jeneza ndiyo iliyokuwa ngumu. Habbo alisema wabebaji wanatembea vibaya kwa sababu jeneza ni tupu, inaonekana migongoni mwao. Hivyo Onno akaingizwa ndani. Wakambeba koridoni, wakamrudisha jikoni, wakamlaza ubavu, na Habbo hakuridhika na mwanga. Wakamweka chini wapumzike. Walipomnyanyua tena, sauti nzito ikaanza kutoka mbaoni, inakuja na kurudi kama msumeno. Wabebaji wakaanza kutikisika. Kona moja ya jeneza ikashuka.

"Kata!" Habbo akapiga kelele. Akafungua kifuniko. "Baba mdogo! Wafu hawakoromi!"

Onno akafumbua jicho. "Unajuaje? Umewahi kulala na mmoja?"

Roswitha alikuwa ameshafika kwenye banda la kuku.

Filamu ikaitwa *Safari ya Jelto*. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ndefu, yenye ukimya mwingi, na Habbo hakuongeza wala kupunguza kitu katika yaliyotokea. Mwaka uliofuata ikachukuliwa kwenye tamasha huko Hamburg. Kijiji kikakodi basi. Tulivaa nguo zetu za kanisani, tukaketi safu ya tatu na ya nne katikati ya watu wa mjini wenye miwani mikubwa, na Habbo alikaa pembeni yangu akiwa mweupe kama krimu.

Taa zikazimwa. Onno yuko mezani, anakunywa chai. Mama anaingia, anaketi, anamimina. Wanakunywa. Saa ya ukutani inagonga. Mbwa anapita. Kikombe cha pili. Hapo Onno anatazama nje, anafungua mdomo, ukumbi mzima unamsubiri, na anasema:

"Moin."

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kimoja, kama mtu aliyepaliwa. Halafu kikaenea. Habbo akageuka kwa hasira. Wakatulia kidogo, wakaanza tena Mama alipojibu, "Na wewe umeanza kuropoka." Jeneza lilipoingia koridoni watu walikuwa wanashikana mabega. Lilipotokea dirishani, bwana mmoja mbele yetu aliteleza kwenye kiti chake na hakurudi kwa muda. Habbo akasimama, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akatoka.

Nilimfuata. Nikamkuta kwenye korido anaegemea bango la filamu yake mwenyewe.

"Wanatucheka, Geeske," akasema. "Nimewatengenezea kichekesho kingine cha Wafrisia, tena cha saa mbili. Nimembeba Baba kutoka kaburini nikamleta Hamburg achekwe."

Nikaegemea ukuta pembeni yake. Tukasimama pale, na kila mara mlango ulipitisha kishindo cha kicheko. Ndani ya kishindo kile nikasikia sauti moja nyembamba, kali, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Habbo naye akaisikia. Tukatazamana. Tangu Baba afariki hatukuwa tumeisikia sauti ile hata siku moja.

Tukafungua mlango kidogo. Mama alikuwa amelala juu ya bega la Onno, kofia imemwendea upande, leso mdomoni, anacheka. Kwenye kitambaa cheupe mchungaji alikuwa akisema kuhusu maua ya waridi. "Huyu anamzika nani?" aliuliza Mama wa kwenye filamu, na Mama wa kwenye kiti akapiga goti la Onno kwa ngumi, na Onno naye alikuwa hajiwezi.

Likaja lile tufe, na wanaume na kofia zao, na ile minong'ono. Ukumbi ulikuwa unapumua kwa shida. Ndipo Mama wa kwenye filamu akainama, akanyanyuka, na kusema alichokisema. Watu waliendelea kucheka, lakini sasa kwa namna nyingine, na mwanamke mmoja wa mjini karibu na mlango alikuwa anafuta machozi ambayo sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Habbo hakumwona huyo. Alikuwa anamtazama Mama.

Mwishowe wakampandisha jukwaani. Bibi mmoja wa tamasha akamsogezea kipaza sauti.

"Bwana Poppinga, kile kipande cha dirisha, uliwazaje?"

"Korido yetu ina kona," Habbo akasema.

Wakacheka.

"Na tufe chini ya gari?"

"Lilikuwa chini ya gari."

Wakacheka zaidi. Habbo akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Hii ni filamu ya huzuni," akasema. "Baba yangu amekufa."

Hapo ukumbi ukanyamaza, na nadhani kama ungebaki kimya maisha yake yangekuwa mengine. Lakini Onno alisimama safu ya tatu.

"Mimi ndiye niliyekufa!" akasema. "Tena mara nyingi kuliko Jelto, maana huyu alikuwa haridhiki na mwanga!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Siku ya pili gazeti likaandika kwamba Ujerumani imempata mchekeshaji wake mkubwa, mtu asiyetabasamu hata ukimchoma na sindano.

Tulirudi na basi asubuhi ile. Njiani tukasimama kunyoosha miguu, na Mama akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akatumiminia sote tukiwa tumesimama kando ya shamba la viazi. Habbo akakipokea kikombe chake.

"Mama," akasema. "Kwa nini ulicheka?"

"Kwa sababu inachekesha."

"Siku ya maziko hukucheka."

"Siku ya maziko nilikuwa na kazi. Nani angewakatia watu keki?" Akanywa chai yake. "Baba yako angekuwepo angecheka kuliko mimi."

"Baba? Baba hakuwahi kucheka."

Mama akamtazama kama anavyomtazama mtu anayeuliza njia ya kwenda kanisani wakati amesimama mlangoni pake. "Baba yako alikuwa anacheka kila siku ya Mungu. Kimya. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Wewe ulikuwa unadhani nini?"

"Nilidhani anasikia baridi," akasema Habbo.

"Mwezi wa Agosti?" akauliza Mama, na akapanda basi.

Ungedhani baada ya hapo Habbo alikubali yaishe. Hapana. Alikasirika kwa namna nyingine: akasema kama nchi inataka vichekesho, basi atawapa vichekesho vya kweli, awaonyeshe tofauti. Mtayarishaji mmoja tajiri wa Munich akamkumbatia. Habbo alijifungia chumbani msimu mzima akasoma jinsi vichekesho vinavyotengenezwa, kama mtu anavyosomea umeme. Akaandika kuhusu wanaume wawili waliojificha hotelini wakiwa wamevaa magauni. Kulikuwa na ganda la ndizi. Kulikuwa na keki usoni. Kulikuwa na nyota wa televisheni ambaye nchi nzima ilikuwa ikimpenda.

Nilikwenda kuitazama Munich. Sijawahi kukaa mahali penye ukimya kama ule, na mimi ni wa Lüttfehn. Keki iliporuka, mtu mmoja akakohoa. Ganda la ndizi lilipofanya kazi yake, mwanamke nyuma yangu akasema kwa upole, "Maskini, ameumia." Tulipotoka watu walikuwa wanatembea polepole kama wametoka hospitali kumwona mgonjwa. Gazeti lilelile likaandika: "Hatimaye Poppinga ametuletea filamu ya huzuni."

Habbo alilikata lile gazeti na kulihifadhi. Ni sifa pekee aliyowahi kuikubali.

Roswitha alikuwa ndiye aliyeikata na kuiunga filamu ile pia, na katika miezi yote ya kazi skafu yake ilibaki shingoni, kavu. Siku moja baada ya onyesho alimweka Habbo chini kwenye mkahawa, akamwambia ukweli. Nililisikia hili kwake mwenyewe, wifi yangu hafichi kitu.

"Habbo, unajua kule kwenu nilikuwa nakwenda kufanya nini nyuma ya banda la kuku?"

"Kulia."

"Kucheka. Mpaka kuku walikuwa wananijua."

Habbo akaweka kikombe chini. Akamuuliza, kwa uso wake ule, kama kwa miaka yote hiyo alikuwa anamwona kichekesho.

"Ndiyo," akasema Roswitha. "Na nataka kuolewa nawe."

Habbo akafikiri kwa muda mrefu sana, hadi mhudumu akaja akaondoa vikombe. Halafu akauliza kama hayo mambo mawili yanahusiana. Roswitha akashindwa kujibu, akalala juu ya meza na kucheka, na watu wa meza za jirani wakaanza kucheka nao bila kujua sababu. Walioana Lüttfehn. Onno akatoa hotuba. Alisema "Moin."

Tangu hapo kaka yangu hakujaribu tena kuchekesha. Alirudi kwenye huzuni yake, akaandika na kuongoza filamu moja baada ya nyingine. Moja ilihusu kufungwa kwa kiwanda cha maziwa. Nyingine ilihusu mtu aliyegombana na jirani yake juu ya uzio mpaka wakazeeka wote wawili. Nyingine ilihusu Mama alivyofanyiwa upasuaji wa nyonga na kuwafundisha madaktari kumimina chai. Hiyo Mama alicheza mwenyewe, kila kipande mara moja tu. Kila filamu aliitengeneza kwa moyo uliovunjika, na kila mara nchi ilikaa ikashika mbavu zake. Vile vichekesho vya ngazi na bei vilififia polepole. Watu waliacha kutuuliza maswali ya kipumbavu, wakaanza kutuuliza kama tunamfahamu Habbo.

Berlin walimpa nishani. Waziri alisema ni kwa ajili ya mchango wake katika ucheshi wa taifa. Habbo akapanda kushukuru na akatumia nafasi ile kueleza, hatua kwa hatua na kwa heshima zote, kwamba kumetokea kosa. Hajatengeneza ucheshi. Akaomba kosa hilo lirekebishwe kwenye cheti. Waziri alilazimika kutolewa nje kwa mlango wa pembeni apate hewa.

Sasa wanaishi hapa kijijini, yeye na Roswitha, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anaandika asubuhi, mchana anatembea kando ya mfereji na mikono nyuma. Mama ametutoka, na Onno pia. Nywele za Habbo zimekuwa nyeupe na uso umezidi kuwa wa hakimu.

Msimu wa vuli uliopita alikwenda soko la Leer kutununulia samaki wa chumvi. Mwanamke mmoja wa makamo akamsimamisha kati ya meza za samaki.

"Samahani, wewe si Bwana Poppinga?"

Habbo akaanza kufunga vifungo.

"Mume wangu alikuwa mgonjwa," yule mwanamke akasema. "Kansa. Siku zake za mwisho hakutaka mtu chumbani, hata mimi. Halafu televisheni wakaonyesha ile ya uzio. Akaniita nije niketi. Tukacheka pamoja, kama zamani. Jumanne iliyofuata akafariki. Nimekuwa nikitaka kukuambia."

Habbo alisimama na mfuko wake wa samaki. Ananiambia kwamba alitafuta neno na hakulipata, yeye aliyekula kwa maneno maisha yake yote. Mwishowe akasema:

"Pole sana, mama. Nasikitika kwamba mlicheka."

Yule mwanamke alimtazama, akaanza kutabasamu, tabasamu likamzidi nguvu, akacheka pale sokoni kwa sauti huku machozi yanamtiririka, akamshika kaka yangu mkono na hakuuachia. Na Habbo hakutoka, hakugeuka. Alisimama akashikwa mkono mpaka mwanamke alipomaliza kucheka. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini zaidi, akampa samaki wote.

Siku ile tulikula viazi vitupu na siagi, sisi watatu, mezani kwangu. Habbo alitusimulia habari yote tangu mwanzo, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, na alipofika kwenye samaki Roswitha akasukuma sahani yake pembeni, akalala juu ya meza, na mimi nikafuata.

"Chekeni tu," akasema kaka yangu, na akajiongezea viazi.